Ubao wa Tatu

Kangundo
3 Machi 2025

Mzee Kilonzo,

Habari za huko Kinanie. Natumaini mbuzi wote ishirini na wawili ni wazima, na wewe pia.

Barua hii itakushangaza, maana kwa miaka kumi na moja tuliyofanya kazi pamoja sijawahi kukuandikia zaidi ya "leta fomu" nyuma ya bahasha. Sasa nimeamriwa. Chuo kimenipa likizo ya lazima, nami nimekuja kukaa kwa mama yangu huku Kangundo. Siruhusiwi kukanyaga bandani wala kukupigia simu mpaka kamati ya uchunguzi imalize kazi yake. Naruhusiwa barua tu, na nakala ya kila barua, yangu na yako, inasomwa na katibu wao, Bi. Lavender. Tusiandike Kikamba, maana wawili katika kamati hawakijui na wanaogopa tutapanga njama mbele ya macho yao.

Kosa langu, kwa maneno yao, ni hili. Lango letu la kusukuma unalijua, lile lenye kamba na kapi na mifuko ya mchanga. Tulipoweka nyasi katika chumba cha nyuma yake, mbuzi alisukuma kilo thelathini kuzifikia. Tulipoacha chumba kitupu, bado alisukuma kilo ishirini na nne. Mimi nikaandika kwamba mbuzi haendeshwi na tumbo peke yake. Ana hamu ya kujua kilichoko upande wa pili, na hamu hiyo inakaribia njaa. Makala hayo ndiyo yaliyonijengea jina. Yalinipeleka mikutano ya ng'ambo, na ndiyo yaliyokuwa yanipe uprofesa mwezi wa Juni. Sasa maabara moja huko nje imejenga lango kama letu, ikaacha chumba kitupu, na mbuzi wao wamekata tamaa kwa kilo nne. Nne, Mzee. Basi wanasema nilipika takwimu.

Aliyepeleka malalamiko ni Dk. Reuben Ngui, yule niliyemfundisha mimi mwenyewe kazi hii. Ameambatanisha picha alizopiga bandani mwezi wa Januari. Mimi sikujua kwamba alifika. Kwa hiyo nijibu maswali matatu bila kuzunguka. Nani alimfungulia? Alikuuliza nini, nawe ukamjibu nini? Na mbona katika picha ya nne ubao wa tatu wa kile chumba kitupu umelambwa mpaka unang'aa, na mbao nyingine zina vumbi?

Wako,
Dk. Nzisa Kimeu


Kinanie
8 Machi 2025

Daktari,

Salamu nyingi. Salamu pia kwa Bi. Lavender, kwa kuwa naona barua hii tunaisoma watatu. Kama mwandiko wangu unamsumbua anisamehe. Miaka ishirini nilikuwa mtu wa josho la ng'ombe, na huko tuliandika kwa chaki.

Mbuzi ni wazima. Yule tuliyempa jina Nane bado ndiye wa kwanza langoni kila asubuhi. Hata siku hizi ambazo umesimamisha majaribio, anakuja anasimama na paji lake kwenye mbao akingoja, na mimi namwambia aende akale kama wengine.

Umeuliza nani alimfungulia Dk. Reuben. Ni mimi. Alikuja na gari la chuo, na kofia ya chuo, akaniita mzee. Ulitaka nimtolee mbwa? Mara ya mwisho kumwona hapa alikuwa mwanafunzi wako, anabeba ndoo ya maji nyuma yako. Sikuambiwa mmegombana. Ninyi wasomi mkigombana mtuambie sisi tunaoshika funguo.

Aliniuliza nimefanya kazi hii miaka mingapi. Akaniuliza kama fomu najaza mwenyewe. Nikamwambia, "Ni mimi, na jina yangu iko hapo chini." Akacheka akasema, "Mzee, wewe sema tu vile iko, hakuna mtu atakusumbua." Nikamwambia vile iko ndiyo imeandikwa. Tukanywa chai, akapiga picha zake, akaenda.

Ubao ni ubao. Mbuzi hulamba.

Ndimi,
Kilonzo, mtunza mbuzi


Kangundo
13 Machi 2025

Bw. Kilonzo,

Barua yako nimeipata. Swali la kwanza umelijibu kwa maneno mengi, la pili kwa machache, na la tatu kwa maneno matano. Katika kazi yangu, mnyama akipita mahali upesi kuliko kawaida, hapo ndipo ninaposimama kutazama.

Mbuzi hulamba, ndiyo. Lakini halambi kwa mapenzi. Hulamba ukuta kwa sababu ya chumvi iliyo kwenye udongo, hulamba mpini wa jembe kwa sababu ya jasho la mtu. Hawezi kuchagua ubao mmoja kati ya tisa akaurudia mwaka baada ya mwaka bila sababu. Mnyama hafanyi jambo bure. Hiyo ndiyo sentensi ya kwanza niliyofundishwa, na ndiyo ya kwanza ninayofundisha.

Halafu ulikunywa chai naye. Mama yangu anasema chai si kosa. Mimi nasema inategemea sukari ililetwa na nani. Nimesikia kwa watu wa huko kwamba Reuben alirudi mwezi wa Februari, na kwamba gari lilishusha mzigo mlangoni kwako. Ni kweli au si kweli? Mzigo huo ulikuwa nini? Kikulacho ki nguoni mwako, nami wiki nzima nimekuwa nikikung'uta nguo zangu.

Niambie na hili: siku za chumba kitupu, wewe ulikuwa umesimama wapi?

Dk. N. Kimeu


Kinanie
18 Machi 2025

Kwa Daktari, na kwa Bi. Lavender,

Gari la Februari lilikuwepo. Halikuwa la Reuben. Lilikuwa lori la Abdisalan, yule mfanyabiashara wa mifugo, na mzigo ulikuwa mifuko ya mchanga uliyoiagiza wewe mwenyewe badala ya ile iliyopasuka. Umesahau. Aliyekuletea habari mwambie atafute miwani.

Siku za chumba kitupu nilisimama pale uliponichorea. Mwaka wa kwanza ulichora kwa chaki sakafuni, nyuma ya mbao, upande wa kutokea, ili nimfungulie mbuzi akimaliza. Ukaniambia, "Simama hapa, usiseme kitu, usimwite." Sikusema kitu. Sikumwita. Hilo naweza kuliapia, Bi. Lavender akileta Biblia.

Sasa na mimi niulize. Kamera yako imemtazama mbuzi langoni miaka kumi na moja. Mbona ni leo ndio unataka kujua mtu alisimama wapi? Binti yangu Ndanu ameniambia nisome barua zako mara mbili, kwa sababu anaziona ni za mtu anayetafuta pa kutua mzigo wake. Nilimgombeza. Halafu nikazisoma mara mbili.

Kilonzo


Kangundo
24 Machi 2025

Baba Ndanu,

Hii haina nakala. Nimempa Abdisalan, ambaye amekuja kununua mbuzi katika soko la Kangundo na atapita Kinanie akirudi. Haulizi maswali, na hilo ndilo ninalompendea. Ukishaisoma ichome.

Nisamehe kwa ukali wa barua zile. Unajua zinasomwa na nani. Wewe na mimi tumetoka mbali. Wewe ndiye uliyenionyesha namna ya kumshika beberu bila kuvunjwa kidole, na sijasahau.

Kamati inakaa tarehe nane Aprili. Wakiamua kwamba nilipika takwimu, mimi nimekwisha. Si uprofesa tu. Ni kazi yote, ni jina, na hakuna chuo kitakachonipokea hata kufagia. Usiku silali, Baba Ndanu. Lakini mtu mmoja wa ndani amenidokeza kwamba kuna njia nyingine. Ikiwa makosa yalitokea kwenye ujazaji wa fomu, hapo lawama si ya mtafiti. Nitaonywa tu, nitarekebisha makala, na mambo yataendelea. Nimeambatanisha karatasi moja ya Kiingereza. Inasema kwamba wakati mwingine ulijaza fomu bila kufuata maelekezo. Ni maneno ya kiofisi tu. Tia sahihi chini, penye alama ya penseli.

Kazi yako usiihofie. Nikirudi nitahakikisha mkataba wako unaongezwa, na Ndanu nitamtafutia nafasi katika maabara yetu, kama alivyotamani siku zote. Niamini.

Mwanao,
Nzisa


Kinanie
30 Machi 2025

Nzisa,

Nakuita kwa jina kwa sababu umejiita mwanangu.

Abdisalan alinipa barua yako, akasema, "Mzee, huyo daktari yako leo amenisalimia mara mbili. Iko shida." Hata yeye ameona.

Karatasi nimeisoma, na Ndanu ameisoma, na Kiingereza chake ni kizuri kuliko ulivyodhani. Haisemi "wakati mwingine". Inasema kwamba mimi nilibuni nambari nikiwa nimekaa, na mtafiti hakujua. Kwa hiyo umenidanganya katika barua ileile uliyoniomba nikuamini. Imeniuma. Sitaki ufikiri haikuniuma.

Sasa nikuambie habari za ubao.

Nilipokuwa na miaka saba nilichunga na marehemu baba. Jioni moja mbuzi walikataa kuingia zizini. Nikachukua bakuli lililokuwa la chumvi, likiwa tupu, nikalitikisa. Wakaja mbio wote. Nikafunga mlango, nikacheka, nikajiona mjanja. Baba hakucheka. Alinichapa, kisha akaingia ndani akaleta chumvi, akanisimamia mpaka nikampa kila mbuzi kwa mkono wangu, mmoja mmoja, giza likiingia. Akaniambia mbuzi ukimwita na mkono mtupu, leo amekuja, kesho utamfuata mwenyewe vichakani. Waswahili husema mkono mtupu haulambwi. Sisi tulilijua hilo kabla hatujajua Kiswahili.

Rudi sasa kwenye lango lako. Siku ya kwanza ya chumba kitupu, mama yake Nane alisukuma kilo tano akaingia. Hakukuta kitu. Akanusa pembe zote, kisha akaona macho yangu kati ya mbao, akaja akasimama mbele yangu, akanitazama. Wewe ulikuwa upande ule mwingine unaandika. Mimi nilikuwa na chumvi mfukoni, kwa sababu siku zote nina chumvi mfukoni, wewe mwenyewe umewahi kunicheka kwamba suruali zangu zinaoza upande mmoja. Nikachovya kidole, nikakipaka kwenye ubao wa tatu. Akalamba. Nikamfungulia.

Tangu siku hiyo kila mbuzi aliyekuta chumba kitupu alipata chumvi kidogo pale. Kila mmoja, kila mara. Sikumwita, sikusema kitu, kama ulivyoagiza. Fomu iliuliza chumbani kuna nini: nyasi, mwenzake, au tupu. Niliandika tupu, na kilikuwa kitupu. Sikuona kwamba mkono wangu ni sehemu ya kazi yako. Ni adabu. Mgeni akija kwako ukakosa chakula, si utampa hata maji?

Nilianza kuelewa ulipouliza juu ya ubao. Nilinyamaza kwa sababu Bi. Lavender anasoma, na kwa sababu niliogopa. Basi ndiyo hayo. Mbuzi hawakuwa na hamu ya kujua kilichoko upande wa pili, Nzisa. Walikuwa wanajua.

Ndani ya bahasha kuna vitu viwili. Kimoja ni karatasi yako. Nimetia sahihi penye penseli. Cha pili ni barua hii. Ningeiandika Kikamba, lakini nimeiandika Kiswahili ili ukitaka kuwaonyesha waisome wenyewe. Karatasi inakuacha wewe msafi na mimi mwongo. Barua inasema hakuna aliyedanganya, ila lango lako halikupima kile ulichofikiri. Huwezi kutumia zote mbili. Chagua wewe, mimi nimechoka kukisia.

Na Ndanu usinitajie tena. Hiyo ni kutikisa bakuli.

Kilonzo


Kinanie
16 Aprili 2025

Daktari,

Wiki mbili zimepita hujaniandikia hata mstari mmoja. Abdisalan amepita mara mbili mikono mitupu, na mara ya pili aliniambia, "Mzee, wacha kuniangalia hivyo, mimi si posta."

Juzi Jumatatu kamati walikuja. Watu watatu, na Dk. Reuben nyuma yao, na Bi. Lavender, ambaye ni mfupi kuliko barua zake. Walikuwa na barua yangu mkononi, ile ya chumvi. Kwa hiyo najua uliipeleka. Lakini karatasi niliyotia sahihi hawakuitaja, na mimi sikuuliza. Labda wameiweka mfukoni. Labda walingoja niseme jambo moja ili wanitolee lile lingine. Wakati wote nilikuwa nikitazama mkoba wa Bi. Lavender.

Walitaka jaribio la chumba kitupu lifanywe mbele yao, bila chumvi. Dk. Reuben akaniomba nigeuze mifuko nje, kama mwizi wa sokoni. Nikageuza. Wakaosha ubao wa tatu kwa maji na sabuni. Kisha nikasimama pale kwenye chaki.

Nane alisukuma kilo ishirini na nne bila kusita. Akaja moja kwa moja kwenye ubao wake, akaulamba, akasimama. Akanitazama. Mikono nilikuwa nimeiweka nyuma. Mara ya pili alisukuma kumi na tisa. Mara ya tatu, kumi na moja. Kufikia saa sita mchana kilo tatu zilimshinda, akalala upande wa kwao akanipa mgongo. Mmoja wao akasema, "Safi sana, hiyo ndiyo tulikuwa tunataka." Wakaandika, wakapanda gari.

Nimechinja mbuzi wengi maishani mwangu na sijawahi kuona haya mbele ya mbuzi. Siku hiyo niliona. Tangu hapo Nane haji langoni asubuhi. Nikipita upande wake anainuka anahama.

Niambie ile karatasi iko wapi. Hilo tu.

Kilonzo


Kangundo
22 Aprili 2025

Baba Ndanu,

Karatasi iko ndani ya bahasha hii, vipande vinne. Vihesabu. Sahihi yako iko kwenye kipande cha chini. Hakuna aliyeiona isipokuwa mimi na mama yangu.

Nilinyamaza kwa aibu. Sina sababu nyingine, na sitakudanganya mara ya pili. Barua yako ilipofika sikuikimbiza kwa kamati. Niliificha siku nne ndani ya debe la unga la mama. Siku ya tano niliweka karatasi ile kwenye mkoba, nikavaa, nikawa tayari kwenda Nairobi kukumaliza. Nilikuwa nimeshapanga maneno. Ningesema kwamba nimehuzunika sana, kwamba nilikuamini.

Nilikuwa nafunga viatu mlangoni, na mama alikuwa uani anataka kuita kuku. Akatazama mkononi, hakuna kitu. Akaacha, akarudi ndani, akakuta unga umebaki lakini mahindi yamekwisha, akaenda hadi ghalani akapukuchua hindi zima na vidole vyake vinavyomuuma, ndipo akatoka akawaita. Nikamuuliza mbona asiwaite kwanza, wakusanyike wakimngoja. Alinitazama kama anayemtazama mtu mwenye homa. "Aiya, Nzisa. Niwaite kwa nini, na sina kitu? Kesho watakuja?"

Mama yangu aliishia darasa la tatu. Mimi nimelelewa na mkono huo. Nilitoka hapa nikaenda kusomea tabia na motisha za wanyama, nikasoma mpaka nikaitwa mtaalamu, na katika mchoro wangu wote wa chaki sikuweka mtu. Niliweka kamera imtazame mbuzi, nikaweka mlinzi wa lango kama vile ni bawaba. Nikavua viatu. Nikamwambia mama yote, hata la karatasi. Hakunifariji. Aliuliza tu, "Na huyo mzee ana watoto?" Nikasema anaye Ndanu. Akasema, "Na ungemwangalia vipi?" Akaenda kukoroga chai.

Barua yako niliipeleka kesho yake, pamoja na yangu. Makala nimeyaondoa mwenyewe, kwa jina langu, kabla hawajaniambia. Uprofesa umekwenda. Reuben anakaimu ofisi yangu, na amenitumia ujumbe wa pole ambao nimeusoma mara tatu nikitafuta mwiba ndani yake. Huenda ni pole tu. Kamati imeandika kwamba mtunza mbuzi hakubuni nambari hata moja, na kwamba kasoro ilikuwa ya mpangilio, na mpangilio ulikuwa wa Dk. Kimeu. Nakala utaletewa, mpe Ndanu aisome kwanza.

Kazi yako ipo hadi Desemba. Baada ya hapo sijui, na siahidi. Nafasi ya Ndanu sina, kwa sababu maabara sina. Kuhusu Nane nimelia. Nilimjaribu mama yake, nikamjaribu na yeye, na siku zote nilifikiri napima kitu kilicho ndani ya mbuzi, kumbe nilikuwa napima miaka yako ya kutowadanganya. Ungeniambia mapema ningekufukuza. Najua hivyo pia.

Abdisalan ana kifurushi chako. Ni chumvi, ile ya mawe, kilo mbili. Sikutaka barua hii ije na mkono mtupu.

Nzisa


Kinanie
26 Aprili 2025

Nzisa,

Vipande nimevihesabu. Ni vinne. Ndanu aliviunganisha mezani kuhakikisha hakuna kilichopungua, na mstari kwa mstari akalinganisha na alivyokumbuka. Kisha tukavitia motoni chini ya sufuria ya chai. Ndanu anakusalimu, lakini si sana.

Chumvi imefika. Niliionja kwanza, usinilaumu. Ni chumvi.

Siku ileile nilisaga kidogo nikaenda nayo uwanjani, si langoni. Lango nimelifunga kwa waya. Nikanyoosha mkono. Wenzake wakaja, wakalamba, wakaenda. Nane alisimama kule kwenye ua, akautazama mkono, akanitazama uso, akarudi kwenye majani yake. Jana hivyo hivyo. Leo alikuja hatua tisa, akasimama, masikio mbele. Nikangoja mpaka bega likauma. Hakufika. Hakuna fomu ya kuandika jambo kama hilo, kwa hiyo nimekuandikia wewe.

Kesho nitasimama tena. Sina hakika naye, na yeye hana hakika nami, na wewe na mimi pia tuko hivyo, tusifichane.

Ukiruhusiwa kuja, usije na gari la chuo. Shuka barabarani uje kwa miguu, polepole, akuone ungali mbali. Na mfukoni uwe na kitu.

Baba Ndanu